Usinihesabie Wateule

Kijana mmoja wa darasa letu la Biblia aliuliza swali kwenye kundi la WhatsApp saa sita usiku, saa ambayo maswali ya namna hii hupenda kuja. Kama Mungu alishachagua atakaowaokoa kabla hajaumba ulimwengu, mbona tunasumbuka kufunga, kuomba na kuhubiri? Kufikia alfajiri majibu yalikuwa yamefurika. Mmoja alimrushia video ya mhubiri wa Marekani, ya saa nzima. Mwingine akasema Ukalvini ni fundisho la mashetani, akaweka aya tatu na alama za moto. Mama mmoja, mzee wa kanisa wa siku nyingi, aliandika tu: "Wanangu, laleni. Tutaongea Jumapili." Mpaka leo naona yeye ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote.

Kwetu Wapresbiteri jina la John Calvin, Mfaransa wa karne ya 16 aliyeongoza matengenezo ya kanisa Geneva na ambaye Ukalvini umeitwa kwa jina lake, halisikiki sana mimbarini. Tuna wazee wa kanisa, presbiteri, mkutano mkuu na urithi wote wa Waskoti, lakini fundisho la uteule tumelifungia kabatini kama sahani za wageni. Wanaolitoa siku hizi ni vijana, nao wanalipata kwenye simu, kwa Kiingereza, kutoka kwa watu waliokwisha kulipanga katika nukta tano na kulinoa kwa ajili ya mabishano. Siwalaumu. Wamechoka kuambiwa kila Jumapili wajitahidi zaidi.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asinivizie. Naamini wokovu ni wa neema tangu mwanzo hadi mwisho, na Mungu ndiye anayeanza. Naamini pia kwamba fundisho hili lina mahali pake pa kusemewa, napo ni katika nafsi ya kwanza: mimi nilishikwa wakati sina cha kumpa. Likihamia nafsi ya tatu, yule ameteuliwa na yule ameachwa, linaanza kunuka. Na wenye kulishika wamevuka mpaka huo tena na tena, wakati mwingine ndani ya mwaka mmoja na mji mmoja.

Tuanze na Calvin mwenyewe. Kitabu chake kikubwa cha mafundisho ya Kikristo kilitoka mara ya kwanza Basel mwaka 1536, kikiwa na sura sita. Alikiongeza na kukipanga upya kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi toleo la mwisho la Kilatini la 1559 lenye vitabu vinne na sura 80. Katika toleo la 1539 alikuwa ameuweka uteule sura moja na maongozi ya Mungu, yaani namna Mungu anavyoutunza na kuuendesha ulimwengu. Mwaka 1559 akavitenganisha. Maongozi akayaweka kitabu cha kwanza, pamoja na uumbaji. Uteule akausogeza mbali, kitabu cha tatu, sura ya 21 hadi ya 24. Kabla ya kufika hapo msomaji ameshapitia imani, toba, maisha ya Mkristo, kuhesabiwa haki, na sura moja ndefu mno, ya 20, juu ya maombi. Kijana wetu alikuwa ameuliza swali lake kinyumenyume. Kwa mpangilio wa Calvin, mtu hafiki kwenye uteule kabla hajapiga magoti.

Anachokikuta akifika ni jambo ambalo kila mhubiri analijua. Mahubiri yale yale, anasema Calvin, wakiyasikia watu mia, ishirini watayapokea kwa imani, na waliobaki watayapuuza, watacheka, watazomea au watachukizwa. Kwa nini? Unaweza kusema wale ishirini walikuwa na akili zaidi, au walilelewa vyema, au mioyo yao ni laini kwa asili. Ukishasema hivyo umewapa cha kujivunia, na Waefeso 2:8 umeiacha bila kazi: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Calvin alikataa kuwapa. Kwake, hata ule mkono unaonyooshwa kupokea umenyooshwa kwa neema. Huo ndio moyo wa jambo lote.

Wala hakulitunga yeye. Alilichukua kwa Mwafrika, Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba huko Algeria. Agostino alimwomba Mungu katika maungamo yake: toa unachoamuru, kisha uamuru utakacho. Inasemekana Pelagio, mwalimu aliyesisitiza uwezo wa mtu kutenda mema, aliposikia sala hiyo ikisomwa Roma alikasirika. Kama Mungu anatoa anachoamuru, mwanadamu amebakiwa na wajibu gani? Ugomvi ukaanzia hapo, na mwaka 418 maaskofu wa Afrika Kaskazini walikutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba habari hizi ni za wazungu wa baridi, mkumbushe kwamba zilianza kugombaniwa upande wetu wa Bahari ya Kati.

Ukitaka kuelewa kwa nini ziliwashika watu wa karne ya 16, angalia ni akina nani waliozisikia. Geneva ya miaka ya 1550 ilifurika wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa, na Calvin mwenyewe alikuwa mkimbizi. Uraia kamili wa mji alioutumikia hakuupata hadi Desemba 1559, miaka minne na ushei kabla ya kufa. Walioketi kanisani walikuwa wameacha maduka, mashamba na wazazi. Mtu wa namna hiyo hana ushahidi wowote mkononi kwamba Mungu yuko upande wake. Ukimwambia kwamba Mungu alimpenda kabla ya misingi ya ulimwengu, kabla hajapoteza kitu na kabla hajafanya kitu, umempa pa kukanyaga.

Mwaka 1552 wanafunzi watano waliotoka kusomea theolojia Lausanne walikamatwa Lyon wakirudi makwao kuhubiri. Walikaa gerezani mwaka mzima huku miji ya Uswisi ikiwaombea msamaha, bila mafanikio. Calvin aliwaandikia barua. Hakuwaahidi kwamba watafunguliwa. Aliwaambia kwamba ikiwa imempendeza Mungu kuwatumia hata kufa, basi yeye mwenyewe ataitia nguvu mikono yao. Tarehe 16 Mei 1553 walichomwa moto. Sijui fundisho jingine ambalo ningeweza kumwandikia mtu aliye katika hali hiyo bila kuona haya. "Jitahidi" lisingefaa kitu.

Oktoba 27 mwaka huo huo, nje kidogo ya Geneva, mahali paitwapo Champel, walimchoma Michael Servetus kwa kuukana Utatu. Aliyewaandikia barua wale watano ndiye aliyesaidia kutoa ushahidi dhidi ya huyu. Najua utetezi wote: karne yenyewe ilikuwa hivyo, baraza la mji ndilo lililohukumu, Calvin aliomba auawe kwa upanga badala ya moto. Nimeusoma wote. Bado miezi mitano tu inatenganisha mioto miwili, na katika wa pili Geneva ndiyo iliyoshika kiberiti.

Miaka miwili kabla, daktari mmoja aitwaye Jérôme Bolsec alisimama katika mkutano wa mafundisho hapo Geneva, tarehe 16 Oktoba 1551, akasema fundisho la uteule linamfanya Mungu kuwa dhalimu. Hakujua kwamba Calvin alikuwa ameingia kimya kimya nyuma. Calvin alimjibu papo hapo, kwa kirefu, kisha Bolsec akakamatwa, na kabla ya mwaka kuisha akafukuzwa mjini. Kinachonivutia ni majibu ya Waswisi wengine walipoombwa maoni. Bern haikutaka kumkandamiza mtu kwa suala gumu kiasi hicho. Bullinger, kiongozi wa kanisa la Zürich na rafiki, alimwandikia Calvin kwa upole kwamba wako wengi wasiopendezwa na namna anavyolisema jambo hili. Calvin aliumia. Lakini yeye mwenyewe, katika sura ya 23 ya kitabu cha tatu, alikuja kukiri kwamba amri ya Mungu juu ya wanaopotea ni ya kutisha. Hakujifanya haimtishi. Wanafunzi wake wa mtandaoni wangeiga angalau hilo.

Sasa niseme habari za matanga, maana huko ndiko theolojia yetu halisi ilipo.

Umehudhuria mazishi mangapi ambapo mtu anashika maikrofoni na kusema "kazi ya Mungu haina makosa"? Marehemu alikuwa kwenye matatu iliyojaza abiria hadi mlangoni, dereva hajalala siku mbili, breki zimelegea na makanika alishasema. Au mama amejifungulia njiani kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Halafu tunasimama mbele ya kaburi na kumtwika Mungu lote. Watu wa nje wakisikia wanadhani huo ndio Ukalvini, kwamba Mungu amepanga kila kitu kwa hiyo nyamazeni. Calvin angeikwapua ile maikrofoni. Katika kitabu cha kwanza, sura ya 17, anawacheka wanaosema lililopangwa limepangwa. Mungu aliyeweka mpaka wa maisha yetu, anasema, ndiye huyo huyo aliyetukabidhi kuyatunza, akatupa njia na dawa za kuyalinda. Kukiwa na hatari, usijirushe. Kukiwa na dawa, usiiache. Tahadhari yenyewe imo ndani ya mpango.

Na muuaji je? Naye amo ndani ya maongozi ya Mungu, anajibu Calvin, lakini hawezi kujificha humo, kwa sababu Mungu anatuhukumu kwa amri alizotupa wazi na hatuhukumu kwa siri zake. Dereva mlevi hakusoma kwanza shauri la milele ndipo akanywa. Alikunywa kwa sababu alitaka. Kwa hiyo unaweza kulia kaburini, ukamwambia Mungu "wewe ni Bwana hata hapa," na kesho yake ukaenda kituo cha polisi kufuatilia kesi. Mambo hayo mawili hayapigani. Linalopigana nayo ni ule uvivu wetu wa kumsingizia Mungu ili mwenye gari asisumbuliwe.

Jirani zetu Waislamu wanaijua barabara hii. Kwao kuamini kadari, heri yake na shari yake, ni nguzo ya imani, na wanazuoni wao wamebishana karne nyingi kama mja ana uwezo wake au la. Rafiki yangu wa Mombasa aliniambia kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga, atawakali kwa Mungu tu. Akaambiwa: mfunge, kisha tawakali. Nilimsomea sura ya 17 ya Calvin. Akacheka, akasema huyo mzungu wenu alikuwa karibu kusilimu.

Nirudi kwenye uteule, maana mji uliouvunja mpaka wa nafsi kwa sauti kubwa zaidi ni Dordrecht, Uholanzi.

Jacobus Arminius alikuwa mchungaji Amsterdam kabla ya kuwa profesa Leiden mwaka 1603. Alikuwa amesoma Geneva kwa Beza, mrithi wa Calvin. Alipokuwa kijana, mwaka 1575, majeshi ya Hispania yaliuteka mji wake wa Oudewater, yakamuua mama yake na ndugu zake. Namtaja hivi kwa sababu vijana wetu humchora kama mtu aliyetaka imani rahisi. Hakuwa na maisha rahisi. Alichokitafuta ni Mungu ambaye hawezi kulaumiwa kwa yale aliyoyaona, na akafikia kufundisha kwamba Mungu huchagua wale anaojua tangu mwanzo kwamba wataamini. Alikufa 1609. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliandika hoja tano, na hoja ya tatu, ambayo watu huiruka, inakiri kwamba mwanadamu peke yake hawezi kufikiri, kutaka wala kutenda jema la kuokoa bila neema. Ya tano, juu ya kama muumini anaweza kuanguka kabisa, waliiacha wazi, wakisema inahitaji kuchunguzwa zaidi katika Maandiko. Watu wanaoacha swali wazi wanastahili heshima kuliko waliyopewa.

Ili kuamua ugomvi huo, sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ilifunguliwa Dordrecht tarehe 13 Novemba 1618. Walikuja wajumbe kutoka Uingereza, Uswisi na miji na majimbo ya Ujerumani. Mfalme wa Ufaransa aliwakataza Waprotestanti wake kwenda, na viti vyao viliachwa vitupu ukumbini. Kabla hata hawajafika kwenye ugomvi, waliagiza Biblia nzima itafsiriwe upya kwa Kiholanzi kutoka Kiebrania na Kigiriki, kazi iliyochapishwa 1637. Kisha wakaitwa wafuasi wa Arminius, wakiongozwa na Simon Episcopius, waje kama washtakiwa, ingawa wao walidhani wanakuja kwenye mjadala. Wakabishania utaratibu wiki kadhaa, hadi tarehe 14 Januari 1619 mwenyekiti Johannes Bogerman akawapigia kelele kwa Kilatini: mmeachiliwa, nendeni, nendeni! Wakatoka. Kanuni za Dordrecht, yaani tamko la sinodi juu ya uteule, ziliandikwa bila wao, wakihukumiwa kwa maandishi yao.

Ukisoma Kanuni zenyewe baada ya kujua zilivyozaliwa, unashangaa. Zina upole ambao kikao chenyewe hakikuwa nao. Zinasema kifo cha Kristo kina thamani isiyo na kikomo, chatosha tele kufidia dhambi za ulimwengu wote. Zinasema ahadi ya Injili itangazwe kwa mataifa yote na watu wote bila ubaguzi, na kwamba wote wanaoitwa na Injili wanaitwa kwa dhati, hawafanyiwi mzaha. Zinasema neema haiwashughulikii watu kama magogo na mawe. Haiui hiari ya mtu, inaihuisha. Na anayehofu kwamba hana imani ya kutosha anaambiwa asishtuke kila uteule unapotajwa, maana Mungu ameahidi kutouzima utambi utokao moshi. William Carey, Mbaptisti wa Kikalvini aliyesafiri kwenda India mwaka 1793, hakuona mgongano wowote kati ya uteule na kupanda merikebu.

Lakini mimi kilichonifikisha kwenye Kanuni hizi ni kipengele cha 17 cha sehemu ya kwanza.

Miaka iliyopita tulimzika mtoto wa binamu yangu. Alizaliwa kabla ya wakati, hakubatizwa. Jeneza lilikuwa dogo hivi kwamba baba yake alilipakata mapajani, ndani ya gari, kutoka mochari hadi nyumbani, mikono yote miwili juu ya kifuniko kana kwamba barabara ingelitikisa likafunguka. Mhubiri aliyealikwa alitufariji kwa maneno yale ya siku zote: Mungu alihitaji ua zuri kwa ajili ya bustani yake. Shangazi alikuwa ameketi nyuma yangu. Nikamsikia akinong'ona, "Kwani huko kwake hakuna maua?"

Baada ya mazishi binamu yangu alitaka kujua jambo moja tu: hakubatizwa, je? Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Calvin alipinga desturi ya wakunga kubatiza watoto mahututi kwa haraka. Alisema ahadi ya Mungu kwa mtoto wa waumini inatangulia maji. Mtoto habatizwi ili awe wa Mungu. Anabatizwa kwa kuwa ameshahesabiwa wake. Na Dordrecht, katikati ya ile sehemu inayoogopwa kuliko zote, walisimama wakawageukia wazazi: kwa kuwa watoto wa waumini ni watakatifu kwa agano la neema, wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka juu ya uteule na wokovu wa watoto ambao Mungu amewatwaa wangali wachanga. Mwishoni mwa Kanuni wanarudi tena huko, wakiikana kwa hasira shutuma kwamba wao wanafundisha watoto wa waumini hunyakuliwa kwenye matiti ya mama zao na kutupwa jehanamu. Nilimsomea binamu yangu kipengele hicho kwenye simu, nikitafsiri nikienda. Aliniomba nirudie.

Angalia sasa yaliyowapata wafuasi wa Arminius. Inakadiriwa wachungaji 200 walifukuzwa kazi, baadhi yao wakapelekwa uhamishoni. Wajumbe wa nje waliagwa tarehe 9 Mei 1619. Siku nne baadaye, huko The Hague, Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali mwenye umri wa miaka 71 aliyekuwa amewalinda wafuasi wa Arminius, alikatwa kichwa. Siasa za Mwanamfalme Maurits, mkuu wa majeshi ya Uholanzi, zilikuwa na sababu zake mbali na theolojia, na wenye Kanuni hawakushika upanga. Mwanasheria Hugo Grotius, mwenzake Oldenbarnevelt, alifungwa maisha katika ngome ya Loevestein. Mwaka 1621 mkewe, Maria van Reigersberch, alimtorosha ndani ya sanduku la vitabu. Kanuni zinazosema hakuna aliyeteuliwa kwa wema wake zililindwa na watu waliojua kabisa nani mbaya.

Mambo ya Afrika Kusini ni marefu, niyapitie upesi. Sinodi ya Kanisa la Dutch Reformed, la Wakalvini wenye asili ya Uholanzi, mwaka 1857 iliruhusu Wakristo weusi waabudu kando, kwa ajili ya "udhaifu wa baadhi", na udhaifu huo ukawa desturi, desturi ikawa sera ya taifa yenye baraka za wanatheolojia. Walioivunja kwa maneno ya imani walikuwa Wareformed vilevile. Kanisa la misheni la watu wasio weupe liliandika rasimu ya ungamo la Belhar mwaka 1982 na kulipitisha 1986, likisema utengano wa watu kwa rangi unaikana kazi ya upatanisho ya Kristo. Hawakuhitaji kuacha fundisho la neema ili waseme hivyo.

Na kuna Olaudah Equiano. Alisimulia kwamba aliibwa utotoni kutoka kwa Waigbo, akauzwa, akajinunua mwaka 1766. Kitabu chake cha 1789 kinasema aliamini tangu ujana kwamba lililoandikwa kwake litatimia, uhuru au utumwa. Baadaye, mwaka 1774, melini katika bandari ya Cádiz, akisoma Matendo 4:12, aliona kwamba wokovu haumo katika kuzishika kwake amri bali katika Kristo peke yake. Alikuwa amemsikia George Whitefield akihubiri, mhubiri mashuhuri wa neema ambaye mwenyewe alitetea utumwa huko Georgia, Amerika, na kumiliki watumwa. Wote wawili walishika fundisho moja. Mtumwa wa zamani alilisema kwa nafsi yake mwenyewe, akitweta kwa shukrani. Kwa Whitefield, neema ilifika mpaka kwenye roho za wale watu. Mikono yao aliiacha shambani.

Vijana wetu wanapolikimbilia fundisho hili, nadhani wanaikimbia ile televisheni ya usiku ambapo namba ya kutuma pesa kwa simu inapita chini ya mhubiri. Panda mbegu, upokee muujiza. Asiyepokea, imani yake ilipungua, aongeze. Dhidi ya biashara hiyo Warumi 9:16 ni maji baridi: "Basi kama ni hivyo, si katika yule atakaye, wala si katika yule apigaye mbio, bali ni katika yule arehemuye, yaani, Mungu." (Nimewahi kuisikia ikisomwa Eldoret, mji wa wakimbiaji, na watu wakatazamana.) Lakini baada ya miezi michache unamkuta kijana yule yule anachambua kwaya nzima, nani kweli ameokoka na nani ni wa mihemko tu. Anajua hata kuhusu marehemu. Calvin alisema Kristo ndiye kioo ambamo inatupasa kuuona uteule wetu. Kijana amekigeuza awaone walio nyuma yake.

Limebaki moja. Katika yale matanga aliyepika chai siku zote alikuwa jirani wa binamu yangu, Mwislamu, ambaye naye alikuwa amezika mtoto mchanga. Kipengele cha 17 kinazungumza na wazazi waumini. Juu ya mtoto wake Dordrecht haikusema. Ungamo la Westminster, urithi wetu wa 1647, linasema tu kwamba watoto wateule wanaokufa wachanga wanaokolewa, likaliacha neno "wateule" likining'inia, ingawa sura ya tatu ilionya kwamba fumbo hili lishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee.

Waskoti wenyewe walichoka kulining'iniza. Mwaka 1879 Kanisa la United Presbyterian la Uskoti lilitangaza rasmi kwamba mchungaji halazimiki kuamini kuwa mtoto yeyote afaye mchanga anapotea, wala kwamba Mungu hawezi kuifikisha neema yake kwa walio nje ya njia za kawaida. Kanisa huru la Uskoti likatoa tangazo lake 1892. Katikati ya matangazo hayo mawili, mwaka 1891, wamisionari Waskoti walipiga kambi Kibwezi, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Kwa hiyo Ukalvini uliotufikia sisi ulikuwa tayari umejadiliwa na watu walioona aibu kuwahesabia wengine. Umelegezwa, wataniambia vijana. Mimi nasema walikataa kuongea mahali ambapo Mungu hajaongea, na hilo ni la Calvin kabisa. Nasimama na Waskoti wa 1879, na kama kuna mzee wa presbiteri anayetaka kunihoji juu ya mtoto wa yule jirani, anapajua kwangu.